Kabla ya kusema ni jua au ni jini, hesabu mpigo wa moyo

Msomaji mpendwa, kabla hujaendelea na makala haya nina ombi moja. Weka vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya kifundo cha mkono wako wa kushoto, upande wa kidole gumba, mpaka uhisi mshipa ukidunda. Tazama saa, kisha uhesabu kwa dakika nzima. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne. Hesabu dakika nzima.

Ikiwa wewe ni mtu mzima na umeketi ukatulia, aghalabu utapata idadi iliyo kati ya 60 na 100. Iandike pembeni mwa gazeti. Tutairudia mwishoni.

Nimeanza hivyo kwa sababu kuna mzee mmoja ambaye mimi, daktari mwenye shahada, sikumhesabia dakika nzima. Mzee huyo hayuko nasi tena.

Mzee wa ngamia

Wakati huo nilikuwa nikitibu katika kituo kimoja cha afya eneo la Garissa. Ilikuwa mwezi wa Machi, wakati ambapo joto la huko hupita nyuzi 35 na hata mbuzi hawataki kutoka kivulini. Kijana mmoja alimleta babake, mfugaji wa ngamia aliyekwisha kupita miaka 60. Mzee alizungumza Kisomali, mwanawe akanifasiria.

Alikuwa ameanguka mara mbili katika majuma matatu. Mara ya kwanza alikuwa akitembea. Mara ya pili alikuwa ameketi mkekani akinywa chai.

"Anasema giza humjia ghafla, kama mtu aliyefunikwa shuka," kijana aliniambia. "Halafu anafumbua macho anatuona tumemzunguka." Majirani walisema ni jini, na sheikh alikuwa amekwisha kumsomea.

Nje kulikuwa na foleni ndefu. Nilimshika mzee mkono, nikahesabu kwa sekunde 15, nikapata mapigo kumi, nikazidisha kwa nne: 40. Nikaitazama miguu yake mikavu ya mtu anayetembea kutwa nyuma ya mifugo. Nikakumbuka somo la chuo kikuu kwamba wanariadha wa mbio ndefu huwa na mioyo inayopiga polepole. Nikaona nimepata jibu.

"Mzee," nikamwambia, "moyo wako ni kama wa mkimbiaji. Hili ni jua tu. Kunywa maji mengi, na mchana upumzike."

Mzee alicheka, akanishukuru, akaenda zake. Yapata majuma matano baadaye kijana alirudi peke yake. Babake alikuwa ameanguka kisimani akinywesha ngamia, na safari hiyo hakuamka. Kijana hakuja kugombana nami. Alikuja kuuliza kama maradhi hayo hurithiwa, kwani yeye mwenyewe ana watoto.

Sikuwa na la kumjibu. Hatukuwahi kuupima umeme wa moyo wa mzee, kwa hivyo hadi leo siwezi kuapa ni nini kilichomuua. Lakini ishara alinipa mwenyewe, moja baada ya nyingine, na mimi nikazipita mbio. Haya ninayoyaandika leo ndiyo niliyopaswa kuyafikiria siku ile.

Neva inayotangatanga

Moyo una umeme wake wenyewe. Katika chumba cha juu upande wa kulia kuna kituo kidogo cha chembe maalum zinazojiwasha zenyewe bila kungoja amri ya ubongo. Kila zinapojiwasha, moyo hupiga. Kituo hicho kikiachwa bila msimamizi hupiga kiasi cha mara 100 kwa dakika.

Tumelijuaje hilo? Njia moja ni kuwatazama watu waliopandikizwa moyo, upasuaji ambao Christiaan Barnard aliufanya kwa mara ya kwanza kwa binadamu mjini Cape Town mnamo Desemba 1967. Moyo unapotolewa kwa mtu mmoja na kutiwa kwa mwingine, neva zake hukatwa. Moyo huo mgeni hupiga mara 90 hadi 110 kwa dakika hata mwenyewe akiwa amejilaza.

Basi kwa nini wako unapiga 70? Ni kwa sababu una breki. Breki hiyo ni neva ya vagasi. Jina lake limetoka katika Kilatini, na maana yake ni "inayotangatanga". Ama kwa hakika hutangatanga: hutoka chini ya ubongo, hushuka shingoni kando ya mshipa mkubwa wa damu, hupitia kooni, moyoni na mapafuni, kisha huteremka hadi tumboni. Ziko mbili, ya kulia na ya kushoto. Ya kulia hushughulika zaidi na kile kituo kinachoanzisha mapigo. Ya kushoto hushughulika zaidi na kituo kingine kilicho katikati ya moyo, ambacho tutakifikia sasa hivi.

Mnamo 1845 ndugu wawili Wajerumani, Ernst na Eduard Weber, walionyesha kwamba neva hii ikichochewa kwa umeme, moyo hupunguza mwendo na hata kusimama. Lilikuwa jambo la kustaajabisha, maana wataalamu walizoea kudhani kwamba kazi ya neva ni kuamsha tu, si kutuliza.

Wewe mwenyewe unaweza kuihisi kazi yake. Shika tena kifundo cha mkono, vuta pumzi ndefu, kisha uitoe polepole. Hasa ukiwa kijana, mapigo huenda mbio kidogo unapovuta pumzi na kupungua unapoitoa. Hiyo ni vagasi ikilegeza breki na kuikaza tena.

Daraja la Tana

Umeme ukishaenea katika vyumba vya juu vya moyo, sharti ufike vyumba vya chini, kwani hivyo ndivyo vinavyosukuma damu kwenda mwilini. Kwa mtu wa kawaida njia ni moja tu: kupitia kile kituo cha kati.

Aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Nairobi hadi Garissa ataielewa hali hiyo. Hata ukiwa na haraka namna gani, utavuka Mto Tana kwenye daraja, na pale darajani kuna kizuizi cha polisi. Gari hupunguza mwendo, hukaguliwa, kisha hupita. Kituo cha kati hufanya vivyo hivyo. Huuchelewesha umeme kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu kabla ya vile vya chini kujikaza.

Vagasi ni kama mkubwa wa ofisa aliye kizuizini. Ikimwambia "taratibu", magari hupita moja moja. Ikikaza zaidi, gari moja hapa na jingine pale huzuiwa kabisa. Kijana anayefanya mazoezi makali huweza kukosa pigo moja moja akiwa usingizini, na wala si mgonjwa. Akiamka na kutembea, vagasi hulegea na njia hufunguka.

Lakini iko hali nyingine. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilipofurisha Mto Tana, maji yaliikata barabara karibu na Madogo. Siku hizo ofisa angeweza kupunga mkono mpaka jioni na gari lisingepita. Tatizo halikuwa ofisa. Barabara yenyewe ilikuwa imekatika.

Ndani ya moyo pia, nyaya zilizo chini ya kituo cha kati huweza kukatika kwa ajili ya uzee, kovu, au kukosa damu kwenye misuli ya moyo. Vyumba vya chini, visipopata habari kutoka juu, hujiendesha vyenyewe kwa mapigo 20 hadi 40 hivi kwa dakika. Wakati mwingine husita kwanza kabla ya kuanza. Kusita kwa sekunde kadhaa kunatosha kumwangusha mtu. Vikisita zaidi, haamki.

Hapo ndipo nilipoteleza. Mkimbiaji anayefanya mazoezi kule Iten na mzee ambaye nyaya za moyo wake zimekatika wanaweza wote wawili kuwa na mapigo 40. Nambari ni moja, maana ni mbili.

Kuzimia kusikoua

Tuanze na kuzimia kwa kawaida, ambako wengi wetu tumekuona au kutupata. Mwanafunzi amesimama gwaride la asubuhi juani na hakupata kiamsha kinywa. Mtu amefunga Ramadhani na amesimama kwenye foleni ya benki saa tisa alasiri. Kijana shupavu ameiona sindano ya kutolea damu. Mara anapiga miayo, anatokwa na jasho baridi, tumbo linamchafuka, masikio yanavuma, macho yanaingia kiza, na huyoo chini.

Kilichotokea ni kwamba damu imejaa miguuni na maji mwilini ni haba. Moyo hujikaza kwa nguvu juu ya damu kidogo, na mwili huipokea habari hiyo visivyo. Vagasi hukanyaga breki ghafla, na papo hapo mishipa ya damu hulegea. Shinikizo la damu huporomoka, ubongo hukosa damu, mtu huanguka. Akilala chini damu huurudia ubongo, naye huzinduka baada ya muda mfupi. Huweza hata kutikisika viungo kidogo, na watu wakadhani ni kifafa.

Sasa tazama tunavyofanya. Tunamwinua, tunamkalisha kitini na kumshikilia asianguke tena, tunamzunguka watu thelathini, tunammwagia maji na kumnusisha kitunguu. Maskini, kule kuanguka ndiko kulikokuwa dawa yake, nasi tunamnyang'anya!

La kufanya ni hili: mlaze chali, inua miguu yake juu ya kiwango cha moyo, legeza nguo shingoni, fukuza umati ili apate hewa. Mkishafanya hivyo, mmoja wenu ahesabu mpigo. Asipewe maji ya kunywa mpaka azinduke sawasawa. Naye asiinuke haraka. Asipozinduka katika dakika moja au mbili, au msipomwona akipumua kama kawaida, hilo si la kungoja: aanze kupewa huduma ya kwanza na gari litafutwe mara moja.

Wewe unayejijua kuwa mwepesi wa kuzimia, ukihisi dalili zinakuja, lala au keti chini bila kuona haya. Ikiwa huwezi, pishanisha miguu, kaza mapaja na makalio, kunja ngumi kwa nguvu. Damu husukumwa kurudi juu, na mara nyingi utaokoka.

Ishara ambazo hazipaswi kupuuzwa

Kuzimia kwa aina ya pili hakuji na miayo wala jasho. Huja ghafla, kama shuka lililofunika uso wa mzee wangu. Humpata mtu akiwa ameketi au hata amelala, mahali ambapo damu haina sababu ya kujaa miguuni. Humpata akiwa katikati ya kazi nzito au mbio. Huandamana na maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio kabla ya kuanguka. Au humpata mtu ambaye katika ukoo wake wamekuwapo waliokufa ghafla wangali vijana. Hali kadhalika, mtu aliyepita miaka 60 na ambaye hajawahi kuzimia maishani, akianza sasa, asiambiwe kuwa ni jua.

Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na kama ameanguka na mpigo wake ni chini ya 40, asingoje hata kunywa chai.

Wahudumu wenzangu wa zahanati nina neno kwao. Mnapompata mgonjwa mwenye mapigo machache naye yuko imara, hesabuni dakika nzima akiwa amepumzika. Kisha atembee taratibu humo chumbani, mtu akiwa kando yake wa kumdaka, halafu mhesabu tena. Ikiwa breki ni vagasi, mapigo yatapanda: 45 yatakuwa 70 au 80. Ikiwa barabara imekatika, yatabaki pale pale au yatapanda kidogo mno. Kipimo hiki hakimalizi ubishi, kwani nyaya zinaweza kukatika leo na kushika kesho. Lakini hakigharimu hata senti, na laiti ningemfanyia mzee yule, nisingemwachia aende nyumbani.

Habari ya sheikh nayo niiseme waziwazi, kwa kuwa kule Kaskazini Mashariki mgonjwa wa kuzimia mara nyingi hupita kwake kwanza. Sina ugomvi na kisomo. Mtu asomewe, lakini apimwe pia. Sheikh anayemwambia mgonjwa "nenda ukaangaliwe moyo kisha urudi" amemsaidia kuliko daktari aliyemwambia ni jua.

Vyura wa Loewi na dawa ya kupe

Vagasi haiugusi moyo kwa umeme wenyewe. Mnamo 1921, mjini Graz nchini Austria, mwanasayansi Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliichochea vagasi ya moyo wa kwanza mpaka ukapunguza mwendo. Kisha akachukua yale maji uliolowekwa ndani yake, akayatia kwenye moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa haukuwa umeguswa. Neva ilikuwa imemwaga dawa. Leo twaiita asetilikolini, na Loewi alituzwa Nobel mnamo 1936 pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Unauliza, hadithi ya vyura inahusu nini Garissa? Inahusu sana. Mwili hutengeneza kimeng'enya cha kuiondoa asetilikolini mara ikishafanya kazi yake. Ziko dawa za kuua kupe wa mifugo, na nyingine za kunyunyizia mboga na matunda katika mashamba ya kando ya Tana, ambazo hukizuia kimeng'enya hicho. Mtu akizimeza, au zikimwingia kupitia ngozi, asetilikolini hufurika. Mate na machozi humtoka, mboni za macho hufinyika zikawa kama ncha ya sindano, kifua hujaa makohozi, misuli hutetema, na moyo mara nyingi hupunguza mwendo.

Dawa ya kwanza ya kumwokoa mtu huyo ni atropini, ambayo huizuia asetilikolini isiufikie moyo na mapafu. Ndiyo hiyo hiyo tunayomdunga mgonjwa ambaye vagasi imeukaba moyo wake mno. Si dawa ngeni wala ya gharama kubwa. Ajabu ni kwamba nimewahi kuitafuta usiku katika kabati la dawa nikakuta kisanduku kitupu.

Nikiwa kwenye dawa, nitoe onyo jingine. Ziko dawa za presha na za moyo ambazo hupunguza mapigo au hukaza kizuizi kwenye kituo cha kati. Miongoni mwazo ni atenololi, digoksini na verapamili. Kwa aliyeandikiwa na daktari zina manufaa makubwa. Lakini nimeona majirani wakigawana vidonge vya presha kama wanavyogawana sukari. Kidonge kinachomtuliza jirani yako kinaweza kukufungia barabara wewe.

Moyo ukienda mbio

Wasomaji wa mijini, na hasa wa Eastleigh, watataka kujua kuhusu miraa. Miraa ina kathinoni, kemikali iliyo jamaa ya amfetamini. Humwaga homoni za kuchangamsha mwili, na moyo huenda mbio ingawa mtu amekaa kitako. Vagasi hukanyaga breki huku miraa ikikanyaga mafuta. Uchunguzi uliofanywa Yemen na kuchapishwa mnamo 2005 uliwalinganisha wagonjwa wa mshtuko wa moyo na watu wengine, ukaona kwamba watafunaji, hasa wa kupindukia, walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Sisemi mtu akitafuna leo atakufa kesho. Nasema aliye na maradhi ya moyo au presha asijidanganye kwamba majani ni majani tu.

Lakini vagasi pia ni dawa. Wako watu ambao umeme wa moyo wao huzunguka kwenye duara ukajirudia, na mapigo yakaruka ghafla hadi 180 au 200. Mnamo 2015 madaktari wa Uingereza walichapisha jaribio rahisi. Mgonjwa, akiwa ameketi nusu ameegemea, hupuliza kwa nguvu ndani ya bomba la sindano kwa sekunde 15. Mara tu akimaliza, hulazwa chali na miguu yake kuinuliwa na msaidizi kwa sekunde nyingine 15. Vagasi huamka, hufunga kituo cha kati kwa kitambo kidogo, na ule mzunguko hukatika. Ilifaulu kwa asilimia 43 ya wagonjwa. Kwa njia ya zamani ya kupuliza bila kulazwa na kuinuliwa miguu, ilikuwa asilimia 17.

Fikiria: matibabu ya bomba tupu la sindano na mikono miwili ya muuguzi! Hilo lafaa lijulikane kila kituo cha afya kutoka Masalani hadi Mandera. Hata hivyo lifanywe mbele ya mhudumu wa afya. Wala mtu asijaribu kusugua mishipa ya shingo nyumbani, hasa kwa wazee, maana huweza kuleta kiharusi.

Ninachodai

Tangu 2013 huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo madai yangu nayaelekeza kwa magavana na wawakilishi wa wadi wa Garissa, Wajir na Mandera, ingawa kaunti nyingine zisijifanye hazikusikia.

La kwanza halihitaji bajeti. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, wakapewa mikoba yenye vifaa, ikiwemo mashine ya kupima presha. Mashine hiyo huonyesha nambari tatu. Sote tunazisoma mbili za juu na kuziandika. Ya tatu ni mpigo wa moyo, na haina anayeijali. Iandikwe! Ikiwa chini ya 50, au ikirukaruka, mhudumu ahesabu kwa vidole dakika nzima na aulize swali moja: "Umewahi kuanguka?"

La pili, kila hospitali ya kaunti ndogo iwe na mashine ya kupima umeme wa moyo inayofanya kazi, karatasi zake, na mtu anayejua kuitumia. Hata kama hana ujuzi wa kuisoma, picha ya karatasi ile hutumwa kwa simu kwa daktari bingwa na jibu likarudi kabla mgonjwa hajavaa shati. Bei ya mashine moja ni sehemu ndogo ya bei ya gari moja la kifahari la ofisa wa kaunti.

La tatu, atropini isikosekane kabatini.

La nne ni safari. Mgonjwa ambaye barabara ya moyo wake imekatika huhitaji kifaa kidogo cha umeme kinachopachikwa chini ya ngozi kifuani, nacho humpigia moyo kila unaposita. Ni upasuaji mfupi, na akishafanyiwa anaweza kurudia ngamia wake. Lakini kwa mgonjwa wa kwetu, aghalabu matibabu hayo yako Nairobi, kilomita 370 hivi kutoka Garissa na karibu 1,000 kutoka Mandera. Kaunti iwe na mpango unaojulikana wa kumfikisha, si kila familia ichangishe nauli upya huku moyo ukisita.

Najua nitakayoambiwa: mahali ambapo kina mama bado wanajifungua bila mkunga na watoto wanakufa kwa utapiamlo, huyu anadai mashine za moyo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mzee yule hakufa kwa kukosa mashine pekee. Alikosa kwanza sekunde 45 za wakati wangu, zile nilizozifidia kwa kuzidisha kwa nne. Sekunde hizo zilikuwepo. Haraka haraka haina baraka, na haraka ya daktari hulipwa na mgonjwa.

Yule kijana nilimtafuta baadaye. Alikuja na watoto wake wanne, nikawashika mikono mmoja mmoja, nikahesabu, dakika nzima kila mmoja. Naye nikampima, nikampeleka akachukuliwa mchoro wa umeme wa moyo. Ulikuwa mzima. Maradhi ya nyaya kwa wazee aghalabu si ya kurithi, nikamwambia, jibu nililopaswa kuwa nalo siku ile ya kwanza.

Sasa irudie ile nambari uliyoiandika pembeni mwa gazeti. Hiyo ni kazi ya neva yako inayotangatanga, mchana na usiku, bila mshahara. Jioni ya leo mshike mkono baba, mama, nyanya au babu yako, umhesabie naye. Ukipata chini ya 50, muulize kama amewahi kuanguka. Akisema ndiyo, usiseme ni jua. Mpeleke.